Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa jimbo: majibu ya damu ya watoto wetu yako wapi?

Lubumbashi

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima yote inayokustahili. Mimi ni mama wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Naishi na virusi vya sida, nameza dawa zangu kila jioni, na katika kikundi chetu mimi ndiye ninayewapokea wamama wenye mimba wanapotoka kupimwa wakiwa hawajui waende kulia wapi. Nimenyamaza muda mrefu nikisema wakubwa wana mengi. Juma lililopita tumezika mtoto. Sasa siwezi kunyamaza.

Mama wa mtoto huyo anauza makala, mkaa wa kupikia. Alijua hali yake mimba ikiwa imeshakua, akaanza dawa siku hiyohiyo. Mtoto alipozaliwa alipewa siropo ya kumkinga, na mama hakuruka hata siku moja. Wiki ya sita akampeleka, akachomwa kisigino, matone ya damu yakawekwa kwenye karatasi. Akaambiwa arudi baada ya muda. Akarudi: bado. Akarudi tena: bado, mama, vumilia. Kila kurudi ni pesa ya usafiri, ni siku ya soko iliyokufa, na jioni ni bukari, ugali wetu, isiyotosha nyumba. Mtoto akaanza kukohoa, akakonda, akaacha kunyonya. Majibu yalipofika yalisema mtoto ana virusi. Yalimkuta mama yake yuko matangani.

Sikitaji kituo, Mheshimiwa. Muuguzi aliyetoa ile karatasi alilia pamoja nasi, na naamini hata yeye hajui damu ile ilikaa wapi muda wote huo. Wengine wanasema katriji, vile vikasha vya kupimia vinavyowekwa kwenye mashine, ziliisha. Wengine wanasema karatasi zinangoja mpaka zijae bahasha ndipo zisafirishwe. Wengine wanasema ni ile misaada ya Marekani iliyosimamishwa Januari 2025, kwamba tangu hapo watu waliokuwa wakikimbiza sampuli kwa pikipiki hawalipwi. Labda ni yote matatu. Wewe ndiye mwenye uwezo wa kuita watu na kuwauliza. Sisi tunabaki kubahatisha, na kubahatisha juu ya uhai wa mtoto ni mateso.

Nieleze kwa nini kipimo hiki hakina mbadala, maana wapo wanaotuambia, "Si mpime tu mtoto kwa kile kipimo cha haraka." Kipimo cha haraka kinatafuta askari wa mwili, ile kinga inayopigana na virusi, si virusi vyenyewe, na mtoto mchanga bado anabeba askari aliopewa na mama yake, hata mpaka miezi 18. Kinaweza kusema ana virusi hata kama hana. Ndiyo maana lazima virusi vyenyewe vitafutwe kwa mashine, kwenye yale matone ya kisigino. Na asiyepata dawa hana muda wa kungoja: katika watoto wanaozaliwa na virusi bila kutibiwa, karibu theluthi moja hawafikishi mwaka mmoja, nusu hawafikishi miwili.

Hilo halikutoka hewani. Kule Afrika Kusini, Soweto na Cape Town, watafiti waliwagawa watoto wachanga wenye virusi: wengine wakapewa dawa mara moja, wengine wakangojewa mpaka waonyeshe dalili au kinga yao ishuke, kama ilivyokuwa kanuni wakati huo. Waliongoja, walikufa 16 katika kila 100. Walioanza mapema, 4. Majibu yalichapishwa mwaka 2008, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha kanuni. Wamama wale walitoa watoto wao kwa utafiti, na utafiti ukawarudia watoto wa Afrika nzima. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba sisi wenye virusi tunaogopa utafiti. Tunaupenda, kwa sababu ndio umetuacha hai. Dawa ninayomeza leo imetoka huko.

Tunachokataa ni damu kwenda bila kurudi. Mwaka 2014 wanasayansi walichapisha historia ya virusi hivi: vilianzia kusambaa Kinshasa karibu mwaka 1920, vikapanda reli, na Lubumbashi yetu imo katika miji ya kwanza kufikiwa. Kabla ya hapo walikuwa wameshasoma virusi katika damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959, ikatunzwa miaka kwa miaka. Damu ya mwaka 1959 ilitunzwa hadi ikasomwa. Damu ya mtoto wa Katuba haikusomwa kwa wakati akiwa bado ananyonya. Mji huu umetoa vya kutosha kwa vitabu vya wengine.

Utafiti tunaouhitaji hapa wala si wa ajabu. Mtu aje ahesabu siku kati ya kisigino cha mtoto na mkono wa mama, kituo kwa kituo, Katuba, Kenya (mtaa wetu, si nchi), Ruashi, Kipushi, mpaka Kasumbalesa, mpakani, kwa wake wa madereva wa malori. Tujue karatasi inalala wapi. Chuo kikuu tunacho, wanafunzi wa udaktari wapo. Nasi tuwepo tangu maswali yanapoandikwa, kwa sababu daktari hatajua kwamba mama fulani harudi kituoni kwa kuwa shemeji yake anauza mkate mlangoni pale. Sisi tunajua. Na fomu ya kukubali isomwe kwa Kiswahili, si Kifaransa cha haraka haraka huku mtu ameshashika sindano.

Mheshimiwa, tarehe 1 Februari 2023 nchi 12 za Afrika zilikutana Dar es Salaam na kuahidi kumaliza sida kwa watoto ifikapo 2030. Kongo yetu ni mojawapo. Zambia, hapo tu ng'ambo ya Kasumbalesa, nayo imo. Siku ile tulicheza ngoma katika kikundi, wamama wazima, tukasema sasa watoto wamekumbukwa. 2030 imekaribia. Na tangu 2008 tuna sheria ya nchi inayolinda haki za watu wanaoishi na virusi. Mtoto wa wiki sita naye ni mtu huyo.

Dawa ya watoto ipo, ile ya vidonge vinavyoyeyuka majini, tena ni tamu, hawaitapiki. Inakaa kabatini ikingoja jibu. Hili ndilo linalonikosesha usingizi: dawa ipo, mama yupo, mtoto yupo, jibu halipo.

Naomba damu ya watoto ipimwe hapahapa jimboni, katriji zinunuliwe kwa pesa ya jimbo kama za nje hazifiki. Jimbo hili linatoa shaba na kobalti usiku na mchana. Naomba sampuli za watoto zitangulie mbele ya nyingine zote. Naomba jibu lipigiwe simu kituoni siku linapotoka, lisingoje gari. Ukishindwa yote, fanya hilo la kwanza tu.

Katika kikundi chetu wapo wamama wanaokaribia kujifungua. Mmoja aliniuliza jana kama kuna faida kumpeleka mtoto kuchomwa kisigino. Nilimwambia ampeleke, na nikamwambia nitakuandikia. Anangoja nimpe jibu lako.

Kwa heshima,
Mama wa Katuba, kwa niaba ya wenzangu