Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: mradi ukifungwa, hawa watoto tunawapeleka wapi?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala huku Charambe, asubuhi nauza maandazi na chai na mchana nafundisha watoto kusoma, kwa kujitolea. Najua una mambo mengi mezani. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu nimeshazunguka maofisini mpaka viatu vimeisha, na kila niliyemfuata alinisikiliza vizuri tu, afu mwisho akaniambia mama hilo haliko kwangu.

Iko hivi. 2021 kuna shirika lilikuja mtaani kwetu, jina silitaji maana sina ugomvi nalo na wale vijana waliofanya kazi hapa walifanya kwa moyo. Waliomba chumba, wakatafuta wakina mama na vijana wa kujitolea, wakatufundisha wiki mbili, tukaanza kuchukua watoto wa darasa la tatu mpaka la tano ambao hawajui kusoma. Wapo wengi Mheshimiwa. Shule za huku zimejaa, watoto wanaingia kwa zamu, wa asubuhi wanatoka wa mchana wanaingia, mwalimu mmoja ana watoto mia na zaidi mbele yake, sasa hapo atajuaje nani anasoma kweli na nani anafuatisha tu sauti ya wenzake? Simlaumu mwalimu hata kidogo, wa kwetu namuona anavyotoka pale jioni, sauti imekauka.

Pale kituoni hatukuwapanga kwa darasa, tuliwapanga kwa anachoweza. Wa herufi kivyao, wa silabi kivyao, wa maneno, wa aya, mpaka unafika hadithi. Kwa hiyo unakuta wa darasa la tano amekaa na wa la tatu kwenye herufi, siku za kwanza anaona aibu anajificha nyuma, baada ya mwezi aibu inaisha maana kila mtu pale anapanda. Kuna mmoja alikuwa anauza barafu baada ya shule, kaja hajui hata kutofautisha b na d. Siku moja bibi yake akaja kwangu asubuhi, kanunua maandazi afu hakuondoka, kasimama tu. Akaniambia jana tulikuwa kituoni Rangi Tatu, mjukuu wangu kanisomea kibao cha daladala, kaniambia bibi hii ndio ya Kariakoo. Bibi mwenyewe hajui kusoma, miaka yote alikuwa anauliza watu. Nilishindwa kumjibu kitu, nikamuongezea andazi.

Wasichana wakubwa wakubwa walikuwa wanapewa taulo za kike na kuna dada alikuwa anakaa nao kuongea mambo yao. Hili nalo nilitaje tu kwa kupita, taulo zenyewe VAT iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019, kwa hiyo kwa mzazi wa kibarua ni hela, na ukimuona mtoto hayupo siku nne kila mwezi huna haja ya kuuliza sana.

Desemba 2023 mradi ukafungwa. Muda wake ulikuwa umeisha, ndivyo tulivyoambiwa, mfadhili alitoa hela ya miaka mitatu na miaka mitatu imefika. Likawekwa turubai, viti vya kukodi, wageni wakaongea, tukapewa vyeti na fulana, tukapiga picha. Dada mmoja wa shirika alilia mbele ya watu. Januari shule zikafunguliwa, Jumatatu ya kwanza saa nane mchana mi niko nyumbani naosha vyombo, nikaona watoto wanapita na madaftari yao wanaenda kituoni. Hakuna mtu aliyekuwa amewaambia wao kwamba mradi una mwisho! Walikuta kufuli. Wengine wakakaa pale mlangoni mpaka saa kumi.

Na vitabu, Mheshimiwa, hapa ndipo panaponiuma. Kulikuwa na maboksi 11 ya vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vizuri kabisa, vyenye picha, vingine hata havijafunguliwa. Vilipelekwa stoo ya ofisi moja ya umma, kwa nia njema nadhani. Mpaka leo viko huko. Nilipoenda kuomba hata boksi moja nikaambiwa hizo ni mali za mradi, leta barua ya shirika. Shirika lishafunga ofisi yake ya Dar. Nikaambiwa basi iletwe hati ya makabidhiano, nikauliza hiyo hati iko wapi, ikaonekana haikuandikwa na upande wowote, maana vilishushwa kwenye gari vikaingizwa stoo basi. Kwa hiyo vitabu havina mwenyewe, na kwa kuwa havina mwenyewe hakuna mwenye mamlaka ya kuvitoa. Panya nao hawasubiri barua.

Nilianza kusoma sheria baada ya hapo, niliazimwa na kijana mmoja mwanasheria. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ni ya 2002, ikafanyiwa marekebisho 2019, na nikiisoma naona kabisa serikali inajali kujua nani anaingia. Shirika lisajiliwe, cheti cha miaka 10 ndio kihuishwe, kila mwaka ripoti na mahesabu yaliyokaguliwa. Kanuni za 2018 zikaongeza, likipata zaidi ya shilingi milioni 20 lazima litangaze, na mkataba wa fedha upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Mi sipingi, hela za watu lazima zijulikane. Ila nilitafuta kwa macho yangu yote mahali panaposema mradi ukiondoka mtaa uambiwe lini, nani abaki na watoto, vitabu viandikwe kwa jina la nani, sikupaona. Siku hela inapoingia serikali inajua. Siku kituo kinafungwa wa kwanza kujua ni mtoto aliyekuta kufuli.

Kuna watu wataniambia hayo ndio matatizo ya kutegemea wazungu. Naomba niwajibu kidogo. Watu kujipanga wenyewe kusomesha watoto halikuletwa na wafadhili, enzi za mkoloni TAPA, chama cha wazazi wa Kiafrika wenyewe, walifungua shule pale ambapo serikali ya kikoloni haikutaka kufika. Misikiti na makanisa yamesomesha vizazi. Hata sasa elimu bila malipo ilivyoanza Januari 2016 ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, ukiigawa kwa siku 194 za masomo inakuja shilingi 50 na kitu kwa siku. Tunashukuru sana kwa hiyo, watoto wengi wameingia shule kwa sababu ya ule uamuzi. Lakini ni wazi kuna kazi kubwa inabaki pembeni, na hiyo kazi inafanywa na asasi, kubwa na ndogo, wenye magari na sisi wa mkeka. Kwa hiyo wakiondoka linalobaki wazi ni pengo la serikali vilevile.

Na tunajua inawezekana kufanywa vizuri. MEMKWA ilianza 1999 kwa majaribio kwenye wilaya chache kwa msaada wa UNICEF, Kisarawe hapo jirani zetu ikiwemo, kwa ajili ya watoto waliokosa shule. Baadaye serikali ikaichukua ikaenea nchini, madarasa yakakaa ndani ya shule za kawaida. Majaribio yale yalipata mtu wa kuyapokea, ndio maana mpaka leo ukimwambia mtu MEMKWA anakuelewa.

Mwaka 2025 ndio tumeona kitu kikubwa zaidi. Tarehe 20 Januari Marekani ikasimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufika 1 Julai USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikawa imefungwa. Waliokuwa wanafanya kazi za afya na elimu kwa hela ile waliambiwa wasimame, hata nafasi ya kuaga wengine hawakupata. Niliposikia nikawaza mitaa mingapi ina kufuli kama la kwetu leo.

Sasa ombi langu Mheshimiwa. Shirika lolote linalotaka kufanya kazi na watoto kwenye kata, kabla halijaanza, liandikiane na halmashauri siku ya kuondoka itakuwaje. Mwalimu wa kujitolea aliyefundishwa aandikwe jina na shule iliyo jirani ijue yupo. Vifaa viorodheshwe na viwe na mrithi tangu siku ya kwanza, iwe shule ya msingi au serikali ya mtaa. Na miezi sita kabla mradi haujafungwa wazazi waitwe kwenye mkutano wa mtaa waambiwe, kwa Kiswahili cha kawaida, sio siku ya turubai na keki. Halafu pale ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye ule ubao wa matangazo, ibandikwe karatasi moja, shirika fulani linafanya hiki mpaka tarehe hii. Karatasi moja tu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kuisimamia, ila anahitaji waraka kutoka kwenu mkishirikiana na TAMISEMI, wenye serikali za mitaa, maana bila waraka ataniambia na yeye kwamba haliko kwake.

Mtu ataniuliza mbona msijisajili wenyewe mkaendelea. Tulijaribu. Katiba tuliandika, viongozi tulichagua, tukafika kwenye mahesabu yaliyokaguliwa, mkaguzi akatutajia bei inayozidi hela tunayotumia mwaka mzima. Tukaambiwa basi tuombe ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayoenda kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, rafiki zangu wamenunua vyerehani. Lakini ule ni mkopo, unatakiwa urejeshwe kila mwezi, na kufundisha mtoto herufi hakutoi marejesho ya kila mwezi. Kama kuna namna vikundi vidogo vya mtaa vikaguliwe na mtu wa halmashauri bila gharama, tungeshukuru sana.

Tulirudi Machi 2024, wakina mama watatu, barazani kwangu. Mzazi mwenye nacho anachanga shilingi 500 kwa wiki ya chaki na karatasi, asiye nacho mtoto wake anakaa vilevile. Tuna watoto 38. Vitabu vya hadithi tunavyo vinne, wanasoma kwa zamu, na wakubwa wameshavikariri kwa hiyo inabidi nifunike picha nijue kama anasoma au anakumbuka.

Maboksi 11 bado yako stoo. Ukinipa hata barua ya mistari miwili nitaenda kuyachukua mwenyewe kwa bajaji, nauli nitajilipia.

Wako mtiifu,
Mama wa kujitolea, Charambe, Dar es Salaam