Kabla hujabahatisha

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Amu hatujambo, ila goti la bibi yako linamsumbua tangu kusi ianze. Picha ya sudoku uliyonitumia nimeiona. Nimeikuza kwa vidole mpaka macho yakaniuma, mwishowe nikaichora upya juu ya kipande cha plaiwudi kwa penseli ya kazini. Sasa imeegemea mlango wa mteja ambao saa hii ningekuwa nauchonga.

Unasema ulikwama, ukabahatisha, na kwamba zile X zangu, ile njia ya kufuta namba kwa pembe nne ninayoisifu kila mara, ni mbinu za wazee wasio na haraka barazani. Haya. Lakini nimefuata nyayo zako na mahali ulipobahatisha nimepajua. Palikuwa na njia pale, hukuiona tu.

Tuseme kwa maneno yetu ya nyumbani: kijumba kimoja ni chumba, mraba wa vyumba tisa ni nyumba, na namba 1 mpaka 9 ni wapangaji, kila mmoja mara moja tu katika kila nyumba, kila mstari wa kulala na kila safu ya wima. Wewe ulipita chumba kwa chumba ukiuliza, "Nani anaweza kuingia hapa?" Ni swali zuri, ndilo lililokupatia ile jozi ya 2 na 7 kwenye mstari wa tatu: vyumba viwili havina mwingine ila 2 na 7, basi 2 na 7 zikafutwa kwenye mstari wote uliobaki. Hapo ulifanya vyema.

Sasa tazama nyumba ya katikati. Chumba kimoja umeandika 1, 5, 8. Kingine 3, 5, 6, 8. Vimejaa, jicho linavipita. Geuza swali, uiulize 5: "Wewe katika nyumba hii una pa kuingia wapi?" Itakuonyesha vyumba hivyo viwili tu. Iulize 8, nayo itakuonyesha vilevile viwili. Basi vyumba hivyo ni vyao, hata kama hatujui nani analala kipi. Futa 1, futa 3, futa 6. Na 3 ikishatolewa hapo inabaki na chumba kimoja tu katika nyumba nzima. Umeandika namba ya uhakika bila kubahatisha chochote.

Jozi ya kwanza iko wazi, hii ya pili imejificha, na ndiyo inayotukwamisha wengi kwa sababu haionekani kwa kutazama chumba. Mimi nikikwama, kabla ya kitu kingine chochote, huchukua namba moja moja kuanzia 1 mpaka 9 na kuipitisha nyumba zote. Inachosha. Ni kama kupiga msasa. Lakini mara nyingi fumbo zinazoitwa ngumu magazetini hufunguka hapo hapo, na X hata haijaitwa.

Hiyo X yenyewe nakubali nimeisifu kupita kiasi. Kwenye plaiwudi hii iko moja: namba 4 katika mstari wa pili inaweza kuingia safu ya tatu au ya saba tu, na katika mstari wa nane vivyo hivyo, ya tatu au ya saba. Ikikaa ya tatu huku juu, kule chini lazima iende ya saba, au kinyume chake. Vyovyote iwavyo, safu hizo mbili zimeshapata 4 zao, kwa hiyo kila 4 nyingine ndani yake inafutwa. Inapendeza. Ila kuitafuta kunakula saa nzima, na ukiipata huenda ikafuta namba moja tu ya pembeni isiyofungua kitu.

Siku hizi naipenda zaidi ile ya vyumba vitatu. Kimoja kina 1 na 2. Kinaona viwili vingine, yaani kiko nao mstari, safu au nyumba moja: kimoja kina 1 na 3, kingine 2 na 3. Cha kwanza kikiwa 1, yule mwenye 1 na 3 anakuwa 3. Kikiwa 2, yule mwenzake anakuwa 3. Basi chumba chochote kinachowaona wote wawili hakiwezi kuwa na 3. Tafuta vyumba vyenye namba mbili mbili, utaziona haraka kuliko X.

Kubahatisha sikukatazi. Mama yako hubahatisha na hunishinda, kahawa yangu haijapoa yeye kamaliza. Lakini mtazame anavyofanya: huchagua chumba chenye namba mbili, hufuata moja kwa nukta ndogo ndogo za penseli, kisha hurudi kufuata ya pili. Na mara nyingine njia zote mbili zinamfikisha kwenye namba ileile mahali fulani, basi hiyo ni kweli bila shaka, huandika kwa wino. Hapo kabahatisha kweli? Tumebishana sana juu ya hilo.

Mimi Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, nilichagua chumba chenye namba tatu, nikaandika moja kwa kalamu ya wino. Wakati wa daku nikaona 6 mbili mstari mmoja. Nilishajaza vyumba karibu arubaini na sikujua kosa lilianzia kipi. Gazeti likafungia mabuyu.

Jambo jingine: ulisema ngumu ni ile yenye namba chache. Sivyo. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake kule Dublin walionyesha kwa kompyuta kwamba fumbo lenye jibu moja haliwezi kuanza na namba pungufu ya 17, na nyingi za hizo 17 hufunguka kirahisi tu. Ile ya Arto Inkala, Mfini, iliyotangazwa mwaka huohuo kuwa ngumu kuliko zote, inaanza na namba 21, na X haina pa kuishika.

Na si mchezo wa kuzaliwa Japani, uwaambie wenzako. Aliyeubuni ni Howard Garns, Mmarekani mchora ramani za majengo, ulipochapishwa kwanza mwaka 1979. Nimefurahi kujua hivyo, nyumba na vyumba vyetu si maneno ya kipuuzi. Wajapani ndio walioupa jina, kifupi cha maneno yanayosema kila namba ikae peke yake, kapera.

Nakutumia picha ya plaiwudi. Nimefika mpaka nyumba ya chini kulia na hapo nimekwama tangu adhuhuri, na mteja wa mlango ameshapita mara mbili. Usinipe namba. Niambie tu niiulize namba ipi.

Baba yako,
Amu