Barua ya malalamiko: mlimrudisha mama yangu ng'ambo ya Kilwa bila kuniambia

Kwa Bwana Mkurugenzi wa ajansi ya safari,
Lubumbashi, Haut-Katanga

Kuhusu: safari ya Bagamoyo, Kilwa na Zanzibar; pesa zirudishwe na Mama aombwe radhi

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima, na heshima hiyo nitajitahidi kuilinda mpaka mwisho wa barua hii.

Kontra mnayo. Programu mliichapisha wenyewe kwa rangi. Resu zetu mbili za malipo, yangu na ya Mama, zina muhuri wenu, dola 1,300 kila moja. Yaliyoandikwa humo mnayajua, sitayarudia. Naanza na Kilwa, maana Kilwa ndiko mlikomtendea mama yangu jambo ambalo mpaka leo siwezi kuwasimulia ndugu zangu bila sauti kukatika.

Tulivuka asubuhi kutoka Kilwa Masoko kwa mashua, tukashuka kisiwani mbele ya Gereza, ile ngome ya kale. Kiongozi wenu akaniomba niende kuandikisha majina ya kundi kwenye kitabu cha wageni, akisema mimi ni mwalimu, mwandiko wangu unasomeka. Nilimwacha Mama ameketi kivulini penye ukuta, fimbo yake mkononi, mtulivu, anaangalia mawe. Niliporudi hapakuwa na mtu. Nilidhani wameanza kutembea pole pole pamoja naye. Nikawafuata mpaka Msikiti Mkuu, nikawakuta wote wamesimama chini ya kuba wanapigwa picha. Mama hayumo.

Nikamwuliza kiongozi wenu: Mama yuko wapi? Hakugeuka hata kunitazama. Akajibu, "Bibi amerudishwa. Anatuchelewesha."

Amerudishwa wapi? "Ng'ambo."

Na nani? "Na nahodha." Kisha akawaambia wengine wasogee, picha haijatoka vizuri.

Nilikimbia mpaka ufukweni. Mashua ilikuwa imeshafika karibu na Masoko, na upande wetu hapakuwa na mashua nyingine. Simu ya Mama ilikuwa ndani ya mkoba wake, mkoba ulikuwa ndani ya gari, na ufunguo wa gari alikuwa nao dereva. Mama ana miaka 74. Hajui mtu hata mmoja Kilwa. Nilisimama pale mbele ya Gereza, mtu mzima mwenye watoto, naita jina la mama yangu juu ya maji.

Bwana Mkurugenzi, ile fomu ya afya mliyotupa kabla ya kulipa niliijaza kwa mkono wangu. Niliandika kwamba Mama anatembea na fimbo na kwamba goti lake la kushoto limefanyiwa upasuaji. Sekretari wenu aliisoma mbele yangu, akasema hakuna shida, Mama atapewa mtu wa kumshika mkono kila mahali. Kwa sababu ya maneno hayo nililipa siku ile ile. Basi msije mkaniambia kwamba hamkujua.

Na kuhusu kuchelewesha. Nani alimchelewesha nani? Tulikuja kuambiwa na dereva mwenyewe, njiani tukirudi Dar es Salaam, kwamba gari lile lilikuwa limekodishwa kwa kundi lingine alfajiri ya kesho yake, na kwamba alipewa amri ya kulifikisha usiku ule ule. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Ninyi ndio mlioiuza siku yetu mara mbili. Hamkuwa na saa za kutupa, mkazitafuta kwenye miguu ya mwanamke mzee.

Ndiyo sababu Songo Mnara, kisiwa cha jirani, hatukufika kabisa. Kiongozi wenu alisema maji yamekupwa. Bahari hukupwa na kujaa mara mbili kila siku, na mvuvi yeyote wa Masoko anajua saa zake za kesho na za keshokutwa. Ajansi inayouza Songo Mnara kwa pesa inapaswa kuzijua kabla ya kupokea pesa hiyo. Magofu ya Songo Mnara na ya Kilwa Kisiwani yaliandikwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na programu yenu inajivunia jambo hilo ukurasa wa kwanza. Nusu ya urithi huo hatukuuona hata kwa mbali.

Husuni Kubwa nayo hatukufika. Kutoka msikitini ni mwendo wa miguu, jua lilikuwa bado halijapanda sana, lakini kiongozi aliangalia saa yake, akasema ni mawe kama haya haya. Mawe kama haya haya! Ikulu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogelea la pembe nane, juu ya jabali linaloitazama bahari! Nimeifundisha Kilwa ubaoni kwa miaka mingi hapa Lubumbashi. Nimewaambia wanafunzi kwamba Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331, akauandika kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Nimewaambia kwamba dhahabu ya bara la kusini ilipita bandari ya Sofala ikafika Kilwa, kwamba sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo ilikutwa Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Watoto wa mkoa wa shaba wanapenda kusikia habari ya sarafu za shaba. Nilikuwa nimewaahidi picha.

Mtaalamu wa historia mliyetuahidi, yule aliyeandikwa kwenye programu kwa herufi nzito, alitwambia tuliposhuka kwamba mji wote ule ulijengwa na Wareno. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 kwa mizinga yao. Sehemu ya kale ya msikiti ule ni ya karne ya 11, na ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14. Nilipomsahihisha kwa upole, na papa mmoja, mzee wa Likasi, ni shahidi, alinijibu kwamba mimi ni mgeni, nisimfundishe kazi. Labda ndiyo sababu nikatumwa kuandika majina. Sina hakika, lakini nimewaza hivyo mara nyingi usiku.

Kule Zanzibar, programu yenu inasema tutaingia Beit el-Ajaib na kupanda ghorofa ya juu. Jumba lile lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na sehemu yake kubwa iliporomoka Desemba 2020. Habari hiyo ilitangazwa kila mahali. Tulilikuta limezungushiwa uzio, tukasimama barabarani. Kwa hiyo mliniuzia mlango wa nyumba iliyoanguka. Mji Mkongwe wote tuliupita mbio, Mama akiwa amebaki hotelini kwa sababu baada ya Kilwa hakutaka tena kutembea na kundi. Alisema, "Nenda mwanangu, mimi nitawachelewesha." Maneno ya kiongozi wenu yalikuwa yamemwingia, akawa anayasema kwa mdomo wake mwenyewe.

Sasa nieleze kwa nini Mama alikuja, maana hilo halikuwamo kwenye fomu yenu.

Mama ni Muyeke wa Bunkeya. Amekua akisikia kwa bibi yake habari za misafara iliyotoka Unyamwezi, za Kalasa aliyekuja kununua shaba na za mwanawe Msiri aliyebaki akawa mfalme. Pembe za ndovu na shaba za Katanga zilikwenda mashariki, na njia kubwa ya Tabora iliishia Bagamoyo. Hata jeshi la Kapteni Stairs, aliyetumwa na Mfalme Leopold, lililomwulia Msiri pale Bunkeya Desemba 1891, lilianza safari yake kwenye pwani ile ile. Mama alitaka kuona mwisho wa njia hiyo kwa macho yake kabla hajafa. Alisema hivyo ofisini kwenu, mbele ya sekretari, na sekretari akaitikia "Mama, utaona yote." Mchango wa safari ulitoka kwa watoto wake wote. Mdogo wangu wa Kolwezi aliuza pikipiki.

Bagamoyo mlitupa muda wa kula chakula tu. Tuliona geti la Caravanserai, kituo cha misafara ya zamani, kupitia dirisha la gari. Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya kale, tuliingia wakati walinzi wanajiandaa kufunga. Mama alishuka, akatembea hatua chache, akaitwa arudi garini. Hakulalamika. Alisema tutaona vizuri zaidi Kilwa.

Na Kilwa ikawa ile. Nimekwisha kuieleza upande wangu, sasa sikiliza upande wake, kama alivyonieleza jioni ile, maana wewe hukuwapo na kiongozi wenu hatakuambia.

Mama anasema nilipoondoka tu kwenda kuandika majina, kiongozi alimwendea, akamwambia, "Bibi, simama." Hakumwamkia, hakumwambia pole wala tafadhali. Mama akadhani safari ya msikitini inaanza, akafurahi, akajikongoja kusimama. Kiongozi akamshika mkono, na Mama akamshukuru. Alimshukuru, Bwana Mkurugenzi! Akamwongoza kinyume, kuelekea majini. Mama akauliza, mwanangu yuko wapi? Akaambiwa, "Anajua." Huo ni uongo uliosemwa mchana kweupe kwa mwanamke aliyemzidi umri mara mbili. Alivushwa maji ya magotini, kitambaa chake kikalowa, nahodha na kijana wake wakamwinua wakampakia kama gunia la makala. Kiongozi alikuwa ameshageuka anakwenda zake. Yaya mmoja, dada wa Kamalondo katika kundi letu, alipouliza mbona Mama anaondoka, alijibiwa kwamba mwanawe ameomba.

Mimi nimeomba. Mimi!

Kule Masoko alishushwa, nahodha akaondoka na kazi nyingine. Mama alikaa juani, nguo imelowa, hana simu, hana maji, hana dawa yake ya presha iliyokuwa ndani ya mkoba. Aliyemwona ni mama mmoja anayeuza samaki. Huyo alipiga goti, akasema "Shikamoo bibi," akamvuta kivulini kwenye kibanda chake, akampa maji na kanga kavu, akakaa naye mpaka nilipofika. Mtu asiyemjua kabisa, asiyelipwa hata faranga moja, alimpa mama yangu heshima ambayo kwenu tuliilipia dola 1,300. Nilipofika, Mama hakusema neno la hasira. Aliniuliza tu kama ni kweli nilichoka naye.

Swali hilo ndilo linalonifanya niandike. Nilimjibu, nikamwapia, na bado naona hajaniamini kabisa.

Tuliporudi Lubumbashi nilikuja ofisini kwenu. Niliambiwa Mkurugenzi yuko misheni, safari ya kazi. Nikarudi, ukawa bado uko misheni. Mara ya mwisho sekretari alinipa karatasi ya punguzo la asilimia kumi kwa safari yenu ijayo ya Livingstone. Karatasi hiyo naiambatisha hapa. Ichukueni.

Nilipokaa kuandika nilikuwa nimepanga kudai vitu viwili: pesa ya Songo Mnara, na pesa ya Beit el-Ajaib. Hizo hazina mjadala, ni bidhaa zilizolipiwa zisizotolewa. Lakini nikisoma niliyoandika hapo juu naona hazitoshi. Nadai pesa yote ya Mama, dola 1,300, kwa kuwa Bagamoyo hakuiona, Kilwa alifukuzwa, na Zanzibar alikaa chumbani. Nadai pia yangu, kwa sababu safari iliyobaki niliimaliza nikiwa mlinzi wa mama aliyeumizwa. Jumla ni dola 2,600, zilipwe kwa mkono na kwa resu. Punguzo silipokei.

Pesa peke yake haimalizi. Nataka wewe mwenyewe, si sekretari, uje nyumbani kwetu Katuba na kiongozi yule, mkae mbele ya Mama na watoto wake, na yeye aseme kwa mdomo wake kwamba nilikuwa sijui na kwamba alidanganya. Mama ayasikie maneno hayo kutoka kwake. Bila hilo hata mkilipa mara mbili tutakuwa bado na shauri.

Na kiongozi huyo asikabidhiwe tena mzee wala mtoto. Nataka uamuzi huo kwa maandishi yenye muhuri.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, na tarehe ya kupokea itaandikwa na sekretari wenu kwenye nakala yangu. Siku hizo zikipita, nakala ya pili inakwenda idara ya utalii ya mkoa, na faili lote, pamoja na fomu ya afya na programu yenu yenye Beit el-Ajaib, linakwenda Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi. Papa wa Likasi na yaya wa Kamalondo wamekubali kutoa ushahidi, na yaya ana picha aliyopiga ya mashua ikiondoka na Mama ndani.

Tena shule yetu ilikuwa imewaandikia kuhusu safari ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mimi ndiye niliyewapendekeza. Kesho asubuhi naiondoa barua ile mezani kwa prefe, mkuu wa shule yetu, na nitamweleza sababu, yeye na walimu wenzangu wa shule nyingine watakaoniuliza.

Nasubiri jibu lako, lenye sahihi yako.

Mteja wenu,
mwalimu wa historia, Katuba,
kwa niaba yangu na ya mama yangu

Viambatisho: resu mbili, nakala ya fomu ya afya, programu ya safari, karatasi ya punguzo.