Barua ya wazi kwa mheshimiwa mbunge wetu, kutoka kwa mchinjaji wa Dodoma

Shikamoo mheshimiwa. Jina lako naliacha, mwenyewe unajijua na waliokuwepo mkutanoni wanajua namwongelea nani. Naandika kuhusu yale maneno uliyowatupia wanaotaka kuchukua fomu dhidi yako, kwamba utawachinja mmoja mmoja na ngozi zao utazianika juani, ukacheka, wapambe wakashangilia, na ulipoulizwa kesho yake ukasema ah ile ni lugha ya siasa tu jamani msikuze mambo.

Sasa mimi kazi yangu ni kuchinja. Alfajiri machinjioni, mchana nipo bucha, Jumamosi utanikuta Msalato mnadani kwenye moshi wa nyama choma. Na nikwambie ukweli, umeiongelea kazi usiyoijua. Sisi kisu hatukinoi mbele ya mnyama, dini yetu imekataza na wazee wamekataza, wala mbuzi hachinjwi mwenzake akiwa anaangalia, unamlaza kuelekea kibla, unataja jina la Mungu, kisu kiwe kikali asiteseke, basi imeisha. Kabla ya hapo daktari wa mifugo ameshamuona na baadaye nyama inakaguliwa inapigwa muhuri. Hakuna anayejisifu pale. Akija kijana mgeni wa kazi anachekacheka na kumfanyia utani mnyama anayekata roho tunamwondoa, hata kama mkono wake mwepesi, maana tumeshamjua ni mtu wa aina gani. Wewe kisu umekinoa jukwaani, na maspika umefunga.

Usinijibu kwamba siasa haiendi bila maneno ya vita, hilo nalijua. Tumekua tukiimbishwa maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, tukaambiwa tuwapige vita na hakuna mtu alikimbia nyumba yake kwa ajili hiyo. Na Novemba 1978 Mwalimu alisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, ila aliyekuwa anaongelewa pale ni Idi Amin ambaye jeshi lake limeshaingia Kagera, ni vita kwelikweli. (Ingawa tusijifanye watakatifu, enzi hizo hizo kuna watu waliitwa kupe, na kupe sote wafugaji tunajua anafanywaje.) Kwa hiyo mimi siangalii kama kiongozi katumia neno kali, naangalia kalielekeza kwa nani. Wewe hapa mjini maji ni ya mgao, watu wamejaa tangu serikali ihamie na bado tunategemea visima vya Mzakwe, wakulima wa zabibu kule Hombolo na Mpunguzi wanahangaika na soko, na katika yote hayo sijawahi kukusikia unataka kuchinja chochote. Hasira yako yote imeenda kwa vijana wanne watano wanaotaka kiti. Hapo ndipo nilipokujua. Mtu akisoma karatasi aliyoandikiwa na msaidizi wake humjui, mwache aitupe karatasi watu wakishampigia vigelegele, kinachomtoka hapo ndicho alicholala nacho.

Na usione ni utani unaoishia kwenye maspika. Majirani zetu Kenya wana neno madoadoa, ukilisikia tu unadhani habari ya ng'ombe, lakini kule Bonde la Ufa waliitwa hivyo watu wa makabila yaliyoonekana ni ya wageni, na neno hilo linakumbusha waliofukuzwa na kuuawa, na baada ya uchaguzi wa 2007 walikufa zaidi ya watu 1,000 nchi nzima, ndiyo maana Januari 2022 seneta wa Meru, Mithika Linturi, alipolitamka Eldoret alikamatwa. Rwanda ndiyo usiseme, redio RTLM iliwaita Watutsi mende, na mwaka 1994 wakauawa kwa mauaji ya kimbari. Kesi yao ilisikilizwa Arusha hapo, ukipitia Kondoa na Babati unafika, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ikawatia hatiani watu watatu, wawili waanzilishi wa redio ile na mmoja mwenye gazeti la Kangura. Hawakuhukumiwa kwa kushika panga mkononi.

Sisemi wewe ni hao. Nasema wewe hutashika kisu, una dereva, una walinzi, ukimaliza unarudi bungeni ambako ukitoa neno la kuudhi mwenzako anasimama kuhusu utaratibu na Spika anakwambia ufute, unafuta, mnakwenda kunywa chai pamoja kantini. Huku kwetu nani anasimama kuhusu utaratibu? Wale bodaboda uliowawekea mafuta wafuate msafara wako wamesikia, wengine wana miaka kumi na tisa, na wanawajua hao wagombea mpaka wanapolala.

Naomba vitu viwili tu. Yafute yale maneno pale pale ulipoyasemea, kwa maspika yale yale, sio kwa taarifa ya msaidizi wako kwenye grupu la WhatsApp. Na kama kuna mgombea ana rushwa, TAKUKURU wapo, peleka jina na kiasi. Ukimaliza hayo njoo Jumamosi mnadani tuongelee ushuru, umepanda na choo bado hakuna.

Wako, muuza nyama, Dodoma mjini.