Wamesahau spika, ndiyo maana gitaa linalia kama nyuki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita kuhusu vijana wanaorekodi muziki majumbani. Alisema magitaa yao ya kukwaruza yanalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo, akashauri waachane nayo kwa kuwa hayo ni makelele ya Wazungu, warudi kwenye gitaa la wazi, lisilokwaruza, la akina Mbaraka Mwinshehe. Kuhusu nyuki namuunga mkono, tena nilicheka peke yangu, maana hata mimi nimewafuga. Dawa aliyoitoa ndiyo siikubali.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro. Mchana nashona sare za shule na suti za harusi. Usiku, kibanda kikishafungwa, narekodi gitaa. Huu ni mji wa Mbaraka na bendi yake ya Morogoro Jazz, na wazee wa hapa wakiona mtu kashika gitaa wanategemea solo inayotiririka kama maji ya mlimani. Solo hiyo naipenda, na kanisani ndiyo ninayopiga. Lakini napenda pia mkwaruzo, ule ambao wapigaji tunauita distosheni, na sioni sababu ya kuuombea radhi. Jirani zetu wa Zambia miaka ya 1970 walikuwa na Zamrock yao, yaani roki ya Kizambia, bendi kama WITCH na Amanaz, magitaa yananguruma mwanzo mwisho, na Uzambia wao haukupungua hata chembe.

Basi tuje kwenye nyuki.

Mwaka juzi nilinunua pedali ya distosheni, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kwamba hiyo ndiyo sauti yenyewe ya kwenye sidii. Nikachomeka gitaa kwenye pedali, pedali kwenye saundi kadi (kifaa cha kuingizia sauti), saundi kadi kwenye kompyuta, nikavaa hedifoni na kupiga kodi ya E, nyuzi zote kwa pamoja, kwa mbwembwe zote. Kilichotoka kilikuwa kama mtu anachana tetroni sentimita mbili kutoka sikioni. Nikaongeza distosheni, ikawa balaa. Nikapunguza, ikabaki balaa dogo. Nililaumu pedali, nikalaumu gitaa, nikamlaumu yule muuzaji kwa maneno ambayo shemasi hapaswi kuyatamka. Kumbe kitu kilichokosekana ni spika.

Gitaa la umeme tunalolisikia kwenye rekodi halikutoka kwenye waya moja kwa moja. Limepita kwenye ampilifaya, likatoka kwenye spika, ndipo likadakwa na maiki. Na ile spika ya inchi 12 ya gitaa haifanani na spika ya redio. Ukivuka hezi 5,000 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti; zikiwa nyingi, sauti ni ya juu), nguvu yake inaporomoka, na kule juu kabisa haitoi kitu cha maana. Kwa muziki wa kawaida huo ungekuwa ulemavu, ila kwa mkwaruzo ndio uponyaji, kwa sababu kukwaruza maana yake ni kulikunja wimbi la sauti mpaka lizae sauti nyingi za juu ambazo uzi wenyewe wa gitaa haukuwa nazo. Spika inakata zile kali na kubakiza nyama. Ukiiruka spika, zote zinakuja mzimamzima. Hao ndio nyuki wa msomaji mwenzangu.

Hata historia ya mkwaruzo ni historia ya watu waliozitesa spika zao. Link Wray, Mmarekani, alizitoboa za kwake kwa penseli mwaka 1958. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks ya Uingereza, kijana wa miaka 17, alichukua wembe akaichanachana karatasi ya spika ya kiampilifaya chake, na rekodi iliyotokana na huo wembe ikatikisa dunia. Mimi ni mtu wa nguo. Nikisikia habari ya wembe nasogeza kiti.

Kwa hiyo niliazima kiampilifaya chenye spika ya inchi nane, na kwaya ikaniazima maiki yake ya SM57, aina ambayo kampuni ya Shure imekuwa ikiitengeneza tangu 1965. Nikakiweka kiampilifaya sakafuni, nikakizungushia majora ya vitambaa pande tatu ili sauti isigonge mabati na kurudi. Maiki nikaisogeza mpaka ikakaribia kugusa kitambaa cha mbele, ikitazama katikati ya spika, pale penye kile kikofia cha mviringo. Ikalia kali, ya kuchoma. Nikaisogeza pembeni upana wa vidole viwili, basi, vidole viwili tu. Ukali ukaondoka, likabaki gitaa lenye kifua. Nilisimama pale kama mtu aliyeokota noti. Nikaisogeza tena kuelekea ukingoni, ikaanza kufifia kama mtu anayeongea nyuma ya pazia. Nikairudisha, nikaweka alama ya chaki ya fundi.

Usiku wa pili jirani alibisha hodi. Ana mtoto mchanga, nami sina ubishi na mtoto mchanga.

Ndipo nikajifunza njia ya kimya, ambayo ndiyo inayowahusu vijana wengi wenye kompyuta na chumba kimoja. Kuna programu zinazoiga ampilifaya, nyingine za bure kabisa kama Neural Amp Modeler, na kuna mafaili madogo yanayoitwa impalsi, yaliyonasa jinsi spika fulani mbele ya maiki fulani inavyoitika. Faili lenyewe ni sehemu ya sekunde tu. Unalipakia, na gitaa lako linavaa spika hiyo. Ila utaratibu ni lazima uheshimiwe: ampilifaya kwanza, spika baadaye. Wiki nzima mimi niliweka spika mbele ya ampilifaya, nikawa nakata nyuki kabla hawajazaliwa, kisha nawazalisha upya. Ni sawa na kupiga nguo pasi halafu ndiyo uifue.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni taa nyekundu. Kijana anaona kwa kuwa anatafuta mkwaruzo, basi hata saundi kadi ikwaruze. La hasha! Ampilifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani, ikizidiwa inaanza kulikunja wimbi taratibu kabla ya kulibana, kama pindo la sketi. Saundi kadi ikizidiwa inakata kwa mkasi, chap, na ukingo ule hauponi. Gitaa liingie safi, taa isifike nyekundu hata ukipiga kwa hasira, halafu mkwaruzo uongezwe ndani ya programu. Na lile tundu la kuchomekea liwekwe kwenye alama ya gitaa. Ukilichomeka kwenye laini ya kawaida, sauti inapoa kama chai ya jana.

Tena punguzeni distosheni. Najua ukiwa peke yako chumbani mkono unataka kuzungusha kitufe mpaka mwisho, kwa kuwa nyingi inaficha makosa na inakufanya ujione jabali. Kwenye rekodi, distosheni nyingi inageuza gitaa kuwa uji. Ule ukubwa mnaousikia kwa wenzetu mara nyingi ni mtu mmoja aliyepiga kitu kilekile mara mbili, moja ikawekwa kushoto, nyingine kulia. Apige mara mbili kwa mkono wake. Ukinakili ile ya kwanza na kuihamisha upande wa pili, utapata gitaa lilelile limekaa katikati, limeongezeka sauti tu. Zile tofauti ndogondogo za mkono ndizo zinazotanua. Mimi hilo lilinigharimu, kwa sababu lilinifichulia kwamba siwezi kupiga baa nane, yaani vipande vinane vya mapigo, sawasawa mara mbili. Nilifanya mazoezi mwezi mzima kabla sijarekodi tena. Chini ya hezi 80 nakata, maana uzi mnene wa gitaa unaanzia hezi 82 hivi, na huko chini ni kwa besi na ngoma.

Kuhusu mvumo sina la kumfundisha mtu, ni kisa tu. Gitaa langu lina pikapu za koili moja, vile vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi, na hizo zinanasa kila kitu. Kijana wangu wa kazi akikanyaga cherehani ya umeme, mota inaingia kwenye rekodi, trrrr, kama vile nayo ni mwanabendi. Nikigeuka kuelekea dirishani mvumo unapungua, nikigeukia mlangoni unarudi. Kwa hiyo narekodi nikiwa nimeupa mlango mgongo, cherehani zote zimechomolewa, na chaja ya kompyuta pia. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson alishalitafutia dawa tatizo hili mwaka 1955 kwa kuunganisha koili mbili zinazofutiana mvumo, lakini gitaa la namna hiyo bado naliweka akiba.

Kwa msomaji mwenzangu: kijana akikuletea wimbo wenye nyuki, usimwambie aache. Muulize kama ameweka spika, na ameiweka wapi. Wimbo wangu wenyewe wa tatu sasa umekaa vizuri, isipokuwa solo ya mwisho, ambako kwenye uzi wa kwanza bado nasikia nyuki wawili watatu. Jumamosi nikimaliza sare za Shule ya Msingi nitarudi kuwatafuta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro