Msimamizi wa ujenzi wa nyumba zako za Kigamboni

Shoga yangu,

Huku wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Nimeusikiliza ujumbe wako mpaka mwisho. Unajenga nyumba 4 za kupangisha Kigamboni, wewe uko Maskati, na unataka binamu yako asimamie, anunue vifaa, alipe na mafundi. Hapo nakukatalia. Simshuku binamu, lakini anayenunua saruji asiwe ndiye anayehesabu mifuko iliyotumika.

Tafuta msimamizi wa kazi hiyo. Akijiita mhandisi, mwombe namba yake ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi uihakiki mwenyewe. Picha za simu asikutumie. Akutajie saiti aliyonayo sasa, nitakwenda. Mimi hukwaruza tofali kwa ufunguo, likimomonyoka kama biskuti narudi zangu nyumbani. Na huwauliza saidia fundi kama wiki iliyopita walilipwa. Hao hawajui kupamba maneno.

Pesa itoke kwa hatua: msingi, boma (kuta), lenta (mkanda wa zege juu ya kuta), kupaua, plasta. Vifaa lipia dukani moja kwa moja. Binamu mpe ufunguo wa stoo na daftari: kilichoingia, kilichotoka, sahihi ya aliyechukua. Kazi hiyo inamtosha, na heshima yake inabaki. Asilimia 5 au 10 ya malipo ya ufundi izuiwe mpaka masika ipite, maana paa bovu huwezi kulijua kiangazi. Yote hayo yaandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, la sivyo mtagombana.

Ila ukishamwajiri, mwache afanye kazi. Nakujua wewe: utampigia fundi usiku aongeze dirisha, asubuhi msimamizi akute ukuta umebomolewa, na gharama isijulikane ni ya nani. Ukitaka kubadili kitu, mwambie yeye, kwa maandishi, hata WhatsApp, na bei itajwe kabla nyundo haijagonga. Naye akisema zege limwagiliwe maji walau siku 7, usimkimbize kwa sababu umeshakata tiketi ya Desemba.

Nitumie ramani na mchanganuo wa vifaa. Na kibali cha ujenzi vipi, kimetoka? Kama bado, usimlipe mtu hata senti. Jumamosi nina nafasi, nitavuka na pantoni nikamwone msimamizi wa kwanza utakayempata. Mwambie asiwafukuze mafundi kabla sijafika.

Wasalimie watoto.

Shoga yako