Kiongozi wa Msafara, Nane Nane hii uje

Neema wangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Hujambo? Sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. (Unakumbuka bwenini tulivyokuwa tunaandika hivi hivi, hata kwa mtu wa bweni la pili?) Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu nikikutumia kitu kirefu unanirudishia kidole gumba, halafu kimya wiki tatu. Barua hii anakuletea Mama Tumaini, kesho anapanda treni ya alfajiri. Kuna na ndizi mzuzu. Asikwambie zilikuwa chache, nimezihesabu.

Jambo lenyewe ni Mzee.

Juzi usiku tuko mezani, akauliza bila kuinua macho kwenye sahani: "Nane Nane mwaka huu tunaondoka saa ngapi?" Mama akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Baba Junior. Baba Junior akaitazama chumvi. Hakuna aliyejibu, na Mzee akaendelea na makande yake kama mtu aliyeulizia ratiba ya basi.

Sasa nikueleze ya mwaka jana, maana nilikudanganya. Nilikwambia tulipanda vizuri, kasoro wewe tu. Hatukupanda vizuri.

Tuliondoka kama kawaida, saa kumi na mbili, baridi ile ya Agosti ya kuvaa sweta mbili. Mji mzima wa Morogoro unaelekea viwanja vya maonyesho, sisi tunaelekea Boma kupanda milima ya Uluguru, na Mzee anasema maneno yake yale yale: trekta ameziangalia tangu aajiriwe, hawana jipya la kumwonyesha. Bwana shamba mzima anakimbia sikukuu ya wakulima! Hotpoti la makande, chupa ya chai ya tangawizi, mayai ya kuchemsha. Watoto wa kaka Elia safari hii walikuwa wakubwa, wana simu, wana miguu mirefu, wanaruka mawe kama mbuzi. Akina mama wa vijiji vya Ruvuma na Choma walikuwa wanateremka na mikungu kichwani, kandambili miguuni, wanatusalimia bila hata kuhema. Na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, nikutajie ukweli. Nimepungua kilo, nina viatu vipya, nataka kujua nitafika Morningside, ile nyumba kuukuu ya Wajerumani huko juu, kwa muda gani. Nikawa natazama saa.

Ile sheria ya Mzee unaijua. Si wewe uliyeileta? Kidato cha pili, pale migomba inapoanza, umekaa chini, pumu imekubana, unahema kama mvukuto wa mhunzi, na Elia anasema turudishe mgonjwa mjini na mama mmoja wa sokoni. Mzee akakushika mkono, akakuweka mbele kabisa. Akasema kuanzia leo mwenye mwendo wa pole ndiye anayetangulia, sisi wengine tunafuata mwendo wake, na atakayempita atabeba hotpoti hadi juu na kulirudisha. Siku hiyo tulitumia karibu saa tano. Elia alinuna njia nzima. Tulisimama kila kona, na kila kona Mzee akawa na la kusema ili usione kwamba tumesimama kwa ajili yako: huu mti unaitwaje, haya matuta yamekaaje, mwaka 1955 Waluguru walivyomgomea mkoloni aliyewalazimisha kuchimba ngazi kwenye miteremko yao. "Ndiyo maana mimi sijawahi kumwamrisha mkulima," akasema, "namwomba." Miaka kumi na tisa sasa, na yeye bado akikutaja anasema Kiongozi wa Msafara.

Basi mwaka jana kiongozi hakuwepo. Ulikuwa na kazi, sikulaumu. (Nakulaumu kidogo.) Na kwa kuwa hakukuwa na mwenye pumu, kila mtu akajiona mzima, tukaenda tu. Hakuna aliyeamua, Neema. Tulijikuta tumetawanyika, watoto mbele, mimi nyuma yao, Baba Junior katikati, na Mzee mwisho. Nilimsikia fimbo yake inagonga mawe, ko, ko, kisha kwa mbali, kisha sikuisikia tena. Nilipogeuka alikuwa amekaa kwenye lile jiwe pana juu ya kijito, amekunja suruali hadi gotini, anasugua goti kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayefuta meza. Akanipungia mkono. "Nendeni, nawasubiri hapa. Jua lisiwakute."

Nikaenda.

Hapo ndipo pananikaba. Sikurudi hata hatua kumi kumuuliza. Nilifikiri moyoni, Mzee mwenyewe kasema. Tukafika juu kwenye ile nyumba, tukapiga picha mia na hamsini, ukungu ukafunguka, mji wote ukawa chini yetu na bwawa la Mindu linang'aa. Junior akauliza, "Babu ataziona picha?" Nikasema ataziona.

Tuliposhuka alikuwa palepale, anaongea na bibi mmoja aliyetua mzigo wake wa majimbi. Kwenye kifuniko cha chupa alikuwa ametumiminia chai. Ilikuwa imepoa, juu imefanya utando, na mdudu mdogo amezama. Hakuuliza kulikuwaje huko juu wala hakutaka picha. Aliuliza, "Nani alikuwa mbele?"

Nikasema mimi.

Akaitikia kwa kichwa, akanyanyuka, akashuka mlima. Na njia nzima ya kurudi alibeba hotpoti yeye. Mwenyewe. Nilijaribu kulichukua mara mbili, akalihamishia mkono wa pili.

Tangu siku hiyo hatujalizungumza. Daktari alishasema goti limesagika, atembee tambarare, miinuko apunguze. Mzee alimsikiliza, akashukuru, na kesho yake akaenda kutafuta ncha mpya ya fimbo.

Baba Junior ana wazo la bodaboda. Kweli njia inapitika wakati wa kiangazi, vijana wanapandisha watu hadi karibu kabisa. Nilimwambia Mzee kwa mzunguko, akanikata: "Mlima wa wakwe haupandwi kwa pikipiki." Mama alipokuwa jikoni akanong'ona kwamba si magoti wala heshima, ni ile nauli, Mpare huyu. Tulicheka mpaka tukaacha ugali ukaungua. Lakini nadhani heshima pia imo. Unajua anavyopenda kusema kwamba kwa Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo watoto ni wao, mashamba ni yao, mlima ni wao, yeye kaja kuoa tu. Anasema kwa utani. Halafu akifika juu anasimama upande wake, anaanza kwamba hii milima na ya kwao Upare ni ndugu, mstari mmoja kutoka Taita hadi Udzungwa, na kwamba akiwa pale ni kama yuko uani kwa baba yake mdogo. Mwaka jana hakupata kusimama pale. Sikuliwaza hili hadi juzi alipouliza saa ya kuondoka.

Kwa hiyo nakuomba uje. Si kwa ajili ya kufika juu, hatuendi Morningside. Nataka tuishie pale migomba inapoanza, pale alipokushika mkono, au tukijaliwa hadi kijitoni kwenye jiwe. Wewe utangulie, na yeye pembeni yako. Utembee kama ulivyotembea kidato cha pili, usimame kila kona, umuulize majina ya miti hata kama unayajua. Akiwa na mtu wa kumsubiri hatakumbuka kwamba sisi tunamsubiri yeye. Akiona nimepunguza mwendo mimi, atajua. Wewe una cheti cha pumu.

Na sikia hili: Mama anasema akisikia tunaishia kwenye migomba, na yeye anakuja! Mama, ambaye miaka yote amekataa. Alizaliwa huko juu, ameteremsha ndizi kwa kichwa tangu akiwa mdogo, na hajawahi kutuelewa. "Mtu anapanda mlima mikono mitupu, anakwenda kuchukua nini?" Safari hii kasema atabeba kanga ya kutandika na kachumbari, na kwamba hotpoti asiliguse mtu, atalibeba mwenyewe asione watu wanagombania makande.

Sijui kama nimuombe Mzee radhi kwanza. Kila nikitaka kuanza naona nitalikuza, naye atasema "radhi ya nini?", nami nitajibu nini? Nimekuacha kwenye jiwe? Ataniambia alikaa kivulini na alikuwa na chai. Ni kweli. Alikaa kivulini na alikuwa na chai. Wakati mwingine nadhani nimelibeba mimi peke yangu. Halafu nakumbuka kile kifuniko.

Haya, nijibu. Kazini wanakuruhusu siku mbili? Shemeji atabaki na mtoto au uje naye? Akija, tutambeba kwa zamu, mzigo wa Mama umepatikana. Dawa yako ya kuvuta bado unatembea nayo au umeshajiona mzima kama sisi? Na yale mabuti yangu ya kahawia uliyoyaazima ukaenda nayo Dar, yapo, au yameshakuwa ya mtu? Unaweza kupanda treni ya jioni tarehe 7 ili ulale hapa? Ukifika tukwambie yote mbele yake au ujifanye umejialika? Na wewe ungekuwa mimi, ungeanza kusema au ungenyamaza na kutembea?

Usimpigie Mzee kabla hujanijibu. Akisikia sauti yako tu atajua nimekuandikia, na ataanza kunoa fimbo.

Mama anakusalimu. Mzee nimemwambia namwandikia mtu wa ofisini.

Wako,
Zai

Nimefungua tena bahasha. Sasa hivi kapita mlangoni kuuliza kama Kiongozi ana habari kwamba Nane Nane imekaribia. Nikasema sijui. Nijibu upesi.